Kutafuta jeki za kuingizia sauti za priamplifaya ya zamani: anza na kalipa, duka baadaye

Wakuu, jeki ninazozungumzia hapa sio zile za kunyanyulia gari, ni yale matundu ya nyuma ya priamplifaya (mashine inayopokea sauti na kuiandaa kabla ya amplifaya) unayochomeka kebo kutoka kwenye santuri, tuna (kipokea redio), deki ya kaseti na kadhalika. Kwenye mashine za miaka ya 50 mpaka 70 haya matundu yanachoka mapema kwa sababu watu wameyavuta na kuyasukuma miaka yote hiyo, tena wengine kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi. Sasa jeki ikishakufa mtu anakimbilia kwenye simu anaandika "jeki za Marantz 7" au "jeki za Dynaco PAS", akikosa anakata tamaa, akipata anaagiza kitu kinachong'aa kama pete ya harusi, kikifika hakiingii kwenye tundu. Jina la mashine linasaidia kidogo tu. Kinachopata jeki ni vipimo vyako mwenyewe, pamoja na kujua ethi (njia ya umeme ya kurudi, inayoishia kwenye chuma cha mashine) ya mashine yako imepitaje. Hilo la ethi nitalikalia sana huko mbele maana ndipo nilipoumia.

Hatua ya kwanza: hakikisha imekufa kweli

Usicheke, nusu ya jeki nilizowahi kutupa nadhani zilikuwa nzima. Chaneli moja inakatika, ukigusa plagi inarudi, unasema jeki imeisha, kumbe ni uchafu tu au ribiti (pini ya chuma inayobana vipande pamoja) imelegea.

Chomoa mashine ukutani kwanza. Kama ni ya valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) ndani kuna volti 250, 300, hata zaidi, na kapasita zinaweza kubaki zimejaa baada ya kuzima, kwa hiyo pima kwa mita kabla mkono haujaingia, na kama bado kuna moto utoe kupitia rezista mpaka mita isome karibu na sifuri. Mambo ya kugusanisha kwa bisibisi yaache.

Halafu weka mita kwenye ohm. Ncha moja ishike pete ya nje ya jeki, pale plagi inapobana, ncha ya pili iguse kile kiulimi cha nyuma ambapo waya wa ethi umelehemiwa. Jeki nzima inasoma kama vile umegusanisha ncha za mita zenyewe, 0.2 au 0.3, na inatulia. Sasa itikise kwa kidole. Namba ikiruka 0.3, 4, 18, halafu inapotea kabisa halafu inarudi, mgonjwa sio pete wala sio kiulimi, ni ribiti iliyovibana pamoja juu ya ule ubao wa kahawia wa bakelaiti. Ubao umenywea na miaka, kutu imeingia katikati, mguso umelegea. Dawa yake ni kukwangua kidogo pale pete inapokutana na kiulimi, kupaka flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), na kuunganisha kwa tone la risasi ya kulehemia. Dakika kumi kazi imeisha na hujanunua chochote.

Mguso wa katikati nao ni ndimi mbili au tatu za springi zinazobana pini ya plagi, na mtu akichomeka plagi nene zinapanuka hazirudi. Unazibana kwa sindano kidogo kidogo sana, ukilazimisha zinavunjika, na zikivunjika hapo ndo umepata sababu halali ya kununua jeki. Kusafisha tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba, au DeoxIT (dawa ya kusafishia miguso ya umeme) tone moja. Msasa usitumie, utakula nikeli yote ukute brasi chini yake, na brasi ikiwa wazi inaanza kufifia na kuchafuka upesi tu.

Kubadilisha ni pale ubao umepasuka au umeungua ukawa kama mkaa, pete imeliwa na kutu mpaka ina mashimo, ulimi umekatika, au fundi wa kabla yako alishatoboa toboa huko nyuma akaharibu.

Hatua ya pili: jua unatafuta jamii gani

Jeki ya RCA ilianza miaka ya 30 huko Marekani, kampuni ya RCA ilitaka njia rahisi ya kuunganisha kinanda cha sahani na redio, ndo maana mpaka leo wauzaji wengi wanaiita fono. Uzuri wake upande wa plagi kipimo ni kilekile siku zote, pini ya katikati ni kama mm 3.2 na pete ya jeki kwa nje ni kama mm 8.3. Kwa hiyo usihangaike na kama plagi itaingia, itaingia. Kinachotofautiana ni jeki inavyojishika kwenye mashine.

Kuna ya ubao, jeki mbili, nne, sita au nane zimepigwa ribiti kwenye kipande kimoja cha bakelaiti, na kipande chote kimeshikwa kwenye chesisi (kasha la chuma la mashine) kwa ribiti au skrubu, hii ndo utaikuta kwenye mashine nyingi sana za Marekani na Japani. Kuna ya mojamoja yenye uzi na nati. Na kuna ya kulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, hii ilienea baadaye, na hii ya bodi kabla hujaitafuta yeyusha upya maungio yake yote ya risasi kwanza, kwa sababu kila plagi inapovutwa bodi inabeba mzigo na risasi inapasuka kiduara kuzunguka pini, ufa mwembamba ambao bila lenzi huuoni.

Halafu kuna ambazo sio RCA kabisa. Mashine za Uingereza na Ujerumani zimejaa soketi za DIN (za duara zenye pini kadhaa), Quad 33 ya mwaka 1967 ni mfano. Hapo hesabu pini na uangalie upinde, maana kuna ya pini 5 za nyuzi 180 na kuna ya pini 5 za nyuzi 240, kwa haraka zinafanana ila hazioani. Ile ya 180 pini zinasomeka kwa mfuatano 1, 4, 2, 5, 3, na namba 2 ya katikati ndo ethi. Ushauri wangu kwenye DIN usipanue tundu la chesisi ili uweke RCA, tafuta soketi ya DIN nyingine au tengeneza kebo ya kubadilisha, chesisi ikishapanuliwa hairudi.

Zile za maikrofoni za kufunga kwa uzi, zilizoanzia Amphenol kwenye familia yao ya 75, uzi wake ni 5/8 ya inchi, nyuzi 27 kwa inchi. Switchcraft nao wana zinazooana nazo, 2501F ni ya kwenye kebo na 2501MP ni ya kwenye paneli, usiagize ya kebo ukidhani ni ya paneli. Na zile kubwa za 6.35 mm hesabu viulimi vya nyuma kabla hujatoa, nyingine zina swichi ndani inayopeleka mlango (njia ya kuingizia sauti) kwenye ethi pale hamna plagi, ukiweka isiyo na swichi mlango mtupu utaanza kuvuma na utalaumu kitu kingine.

Hatua ya tatu: pima

Kalipa (kifaa cha taya cha kupimia upana) ni bora, rula inafaa ukiwa na macho mazuri. Unahitaji umbali wa kati kwa kati baina ya jeki na jeki, umbali wa safu ya juu na ya chini, upana wa tundu kwenye chesisi, umbali wa ribiti za kushikia ubao, unene wa chesisi, na kina kilichopo nyuma kabla hujagonga swichi ya kuchagulia mlango au kapasita.

Umbali wa kati kwa kati usipime jeki mbili za jirani, kosa dogo litakudanganya. Pima kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho kisha gawanya kwa idadi ya nafasi. Jeki nne zina nafasi tatu, ukipata 47.6 gawanya kwa 3 unapata karibu 15.9, hiyo ni 5/8 ya inchi (15.875 kamili), basi ujue ubao umechorwa kwa inchi. Unaweza kusema aah 15.9 na 16 si ni kitu kilekile, kwenye jeki mbili sawa, lakini kwenye ubao wa jeki nane lile kosa linajikusanya mara saba linakuwa karibu mm 0.9 na pete ya mwisho inaanza kulalia chuma cha chesisi. Mashine ya Marekani iwazie kwa inchi, ya Japani au bara la Ulaya kwa milimita.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya penseli. Weka karatasi juu ya jeki zenyewe kwa nje, bonyeza, pitisha penseli kwa ubavu kama watoto wanavyochora sarafu, unapata ramani ya matundu na ribiti zote kwa kipimo chake halisi. Ubao mpya ukifika, au hata mchoro wa muuzaji ukiuchapisha bila kupunguzwa, unauweka juu ya ile karatasi na jibu unaliona hapohapo.

Na kitu kingine kinachosahaulika, plagi za siku hizi ni nene. Ubao wa zamani wenye jeki zilizobanana unaweza ukaurudishia vilevile kama ulivyokuwa halafu kebo zako mpya mbili hazikai jirani. Pima unene wa plagi zako pia.

Hatua ya nne: ethi, hapa tulia

Niliwahi kutoa ubao wa jeki nne uliochakaa nikaweka jeki nne za mojamoja za dhahabu, kazi safi, waya zimelala vizuri, nikapiga na picha. Nikawasha. Mmmmmmm. Mvumo ule wa chini wa umeme wa ukutani, hauongezeki sana na sauti, upo tu. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha valvu, nikashuku transfoma, siku mbili nzima.

Tatizo lilikuwa hivi. Kwenye ule ubao wa zamani matundu ya chesisi ni makubwa kuliko pete, kwa hiyo pete hazigusi chuma, zimeelea, ethi zake zimeunganishwa kwa waya mmoja unaokwenda kushika chesisi sehemu moja tu. Aliyebuni mashine aliichagua ile sehemu kwa makusudi. Jeki ya nati ukiifunga moja kwa moja kwenye chuma, pete imeshika chesisi hapo hapo, na ya pili hapo, na ya tatu, sasa ethi ina njia kadhaa na umeme unazunguka humo, ndo ule mvumo wa 50 au 60 Hz. Mimi niliweka washa (vile viduara vya kuvaa kwenye jeki) za nailoni za kutenganisha, nilikuwa najua hilo, lakini nati ya jeki ya tatu niliikaza kwa hasira na washa ikapasuka. Kwa nje huioni.

Ukiweka mita kati ya pete na chesisi mashine ikiwa imeungwa kama kawaida itasema zimeshikana, ni kweli zimeshikana, kule kwenye ile sehemu moja, kwa hiyo kipimo hicho hakikuambii kitu. Fungua kwanza ule waya wa ethi kwenye kila jeki, ondoa na kebo zote za nje, ndipo upime pete mojamoja na chesisi. Zote zinatakiwa zisome OL, yaani hakuna mguso. Yangu ya tatu ilisoma 0.4.

Kwa hiyo kabla hujanunua amua, mashine yako pete zimeelea au zimeshika chuma? Angalia kwa macho, fuata waya. Kama zimeelea na unataka za nati, nunua zinazokuja na washa zenye ngazi, ile ngazi inaingia ndani ya tundu na kuizuia jeki isiguse ukingo. Tena kipimo cha tundu unachokitazama kiwe cha jeki pamoja na washa, jeki inayoingia robo inchi ikivaa washa yenye ngazi haiingii tena robo inchi.

Mlango wa fono, hapa namaanisha ule wa santuri, ndo mkali kuliko yote. Kichwa cha santuri cha sumaku inayotembea kinatoa kama milivolti 2 mpaka 5 tu, wakati tuna inatoa mamia ya milivolti, kwa hiyo uchafu au ethi mbaya ambayo kwenye mlango wa tuna husikii chochote, kwenye fono inapiga kelele. Na mara nyingi rezista ya kilo-ohm 47 imelehemiwa palepale nyuma ya jeki ya fono. Ukitupa ubao wa zamani usiitupe na rezista yake, nimeshaona.

Hatua ya tano: sasa ndo utafute

Anza na manyuali ya sevisi (kitabu cha mafundi) ya mashine. Tovuti ya HiFi Engine wana nyingi sana. Namba ya kifaa utakayoikuta humo huenda haiuzwi tena na kiwanda, lakini iandike kwenye utafutaji hivyohivyo, kuna watu wanauza stoo za zamani na wanaweka namba tu bila maelezo. Na badilisha maneno ya kutafutia, jeki hiyohiyo mmoja anaiita "phono jack", wa Uingereza anaandika "phono socket", manyuali za Kijapani zinasema "pin jack", na ukiongeza neno "board" au "strip" ndo zile za ubao zinajitokeza.

Kinachonipa matokeo kuliko vyote ni mashine mfu. Tuna iliyokufa, deki ya kaseti ambayo hakuna anayeitaka, risiva iliyoungua transfoma, za kampuni ileile na kipindi kilekile. Viwanda vilikuwa vinanunua ubao wa jeki kwa wingi na kuutumia kwenye mashine nyingi tofauti, kwa hiyo priamplifaya ya bei mbaya inaweza kuwa na ubao mmoja na tuna ya kawaida kabisa. Ubao wa jeki nane unaweza kukatwa ukawa wa sita kwa msumeno mwembamba, pitisha katikati ya jeki mbili, vaa barakoa maana vumbi la bakelaiti si la kuvuta.

Kwa mpya nenda kwa wasambazaji wakubwa, Mouser, Digi-Key, Farnell, RS, wana vichujio vya aina ya ufungaji na karibu kila kifaa kina mchoro wenye vipimo. Switchcraft 3501FP ni ya mojamoja ya kizamani kabisa inayokaa kwenye tundu la robo inchi, kwa mashine ya Marekani haionekani ngeni. Rean nao wana NYS367 zenye rangi, nyekundu ya kulia, nyeupe au nyeusi ya kushoto. Soma mchoro, usisome picha, picha ya duka haina rula.

Mashine chache zenye wapenzi wengi, kama Dynaco PAS, zina watu wanaotengeneza vipuri vyake vipya mpaka leo, hapo umebahatika. Ukinunua stoo ya zamani kwa mtu binafsi mwombe picha ya upande wa nyuma, na picha nyingine kalipa ikiwa juu ya kifaa. Muuzaji mwenye kalipa mara nyingi hana longolongo.

Ukikosa kabisa, tengeneza bamba. Kipande cha faiba au alumini kinachofunika sehemu yote ya matundu ya zamani, kinashikwa kwa matundu yaleyale ya ribiti, jeki zako za kisasa unazipanga juu yake kwa nafasi unayotaka. Faiba ni bora maana haipitishi umeme na ile habari ya washa inaisha. Chesisi haijaguswa.

Hatua ya sita: zikifika, zijaribu kabla ya kufunga

Sumaku. Brasi haivutwi, ikinata kwa nguvu ni chuma kilichopakwa rangi. Mvuto hafifu sana usikutishe, nikeli yenyewe inavutwa kidogo na huwa inapakwa chini ya dhahabu. Chomeka plagi, isikie, inatakiwa ibane bila kulazimisha. Kiini cheupe cha katikati kama ni tefloni kitavumilia moto, kama ni plastiki ya kawaida kitalegea, na njia ya kujua ni kuchoma moja, ndo maana unanunua moja au mbili za ziada. Dhahabu au nikeli? Mimi naangalia ubanaji kwanza, rangi baadaye.

Hatua ya saba: kuzifunga, kwa kifupi

Piga picha kwa pembe zote, bandika lebo kila waya. Ribiti zitoe kwa kutoboa kichwa tu, biti ya mm 3 hivi, taratibu, na chini yake uwe umebandika tepu ya kudaka unga wa chuma, maana unga huo ukiingia kwenye swichi ya kuchagulia utautafuta mwaka mzima. Badala ya ribiti weka bolti, M3 inaenea kwingi, 4-40 kwa wanaotaka Umarekani wake, na mashine ya kale ya Uingereza utakuta skrubu za BA (kipimo cha uzi cha Kiingereza cha zamani) ambazo M3 haitazifuata uzi, usilazimishe.

Wakati wa kulehemu chomeka plagi mbovu ndani ya jeki. Moto ukilainisha kiini, plagi inaushikilia mguso wa katikati pale pale, bila hivyo unapoa umepinda na plagi haitaingia sawa tena. Kwanza paka risasi kwenye kiulimi, halafu waya, halafu viunganishe, chuma cha kulehemia kiwe nyuzi joto 350 za Selsiasi hivi, risasi ya 60/40 inaelewana na maungio ya zamani. Pete ya nje inakula joto sana kwa hiyo tumia ncha pana, usikae nayo.

Kabla ya kuwasha pima katikati na pete, isiwe imeshikana, kwenye fono utasoma kama kilo-ohm 47 kama rezista yako imerudi mahali pake. Pima pete na chesisi kama nilivyoeleza, kisha rudisha waya wa ethi. Washa sauti ikiwa chini kabisa. Fono isiyo na kitu itavuma kidogo hata kama umefanya kila kitu sawa, kwa hiyo chukua plagi mbili mbovu, unganisha katikati na pete kwa kipande cha waya ndani yake, zichomeke kwenye fono halafu ndo usikilize, kukiwa kimya umemaliza.

Ubao wa zamani weka kwenye mfuko na karatasi yako ya penseli, andika jina la mashine, uufunge kwa tepu ndani ya kifuniko mbali na transfoma. Atakayeifungua baada yako atataka kujua ilikuwaje.